Fundi, Simu na Furaha ya Kazi ya Mikono

Hotuba iliyotolewa Kitangari, Wilaya ya Newala, mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Nimeombwa niseme juu ya kuuza kazi za mikono kwa njia ya mtandao wa intaneti. Nadhani walioniomba walitazamia niwafundishe namna ya kupiga picha nzuri na kutaja bei. Hayo nitayagusa kidogo tu, kwa kuwa vijana wetu wanayajua kuliko mimi. Lililonileta ni jambo jingine. Katika vijiji vyetu wapo wachongaji, wasukaji wa mikeka, wafinyanzi na washonaji ambao simu imewapatia wanunuzi wa Dar es Salaam, Nairobi, Muscat na hata Ulaya. Baadhi yao, baada ya miaka miwili mitatu ya kupata wanunuzi hao, wameiweka chini kazi yenyewe. Hawakuiacha kwa kukosa soko. Wameiacha na soko wanalo mkononi. Hili halina budi kutushangaza, maana sisi wana ushirika tumezoea kuamini kwamba mkulima au fundi akipatiwa soko, shida yake imekwisha.

Mimi ni mkulima wa korosho na mchonga vinyago, kama walivyo wengi katika nyanda hizi. Miezi ya salfa nimo mikoroshoni, miezi ya minada nimo ghalani, na katikati ya hapo tezo na patasi hupata zamu yao. Mwaka uliopita niliweka daftari kwa wiki moja, nikitia alama kila nilichokifanya. Katika siku sita za kazi, uchongaji ulipata siku tatu na nusu. Zilizobaki zilikwenda kwa kujibu “bei gani”, “mwisho ngapi”, “unacho kama hiki lakini kidogo”. Kwa kupiga picha upya kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kivuli. Kwa kutafuta katoni na majani ya kufungia. Na kwa kupanda bodaboda kwenda Newala mjini kutuma kifurushi. Na hizo siku tatu na nusu zenyewe hazikuwa nzima. Kila anayeujua mpingo anajua kwamba ni mti usiosamehe. Ukitoa kipande hukirudishi. Mkono hufuata mshipa wa mti, jicho hutangulia mkono, na mambo hayo mawili yakishikana fundi husahau hata njaa. Hapo simu hulia. Ni mtu wa mbali anauliza kama ndovu anaweza kupatikana kwa jozi.

Ndugu wanachama, mnunuzi wa mbali si kitu kipya katika nchi yetu. Mwaka 1906 Mjerumani aitwaye Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akikusanya vinyago, vyombo na zana za kila namna. Hata karatasi na penseli aliwapa watu wamchoree, na baadhi ya michoro hiyo ilitokea katika kitabu alichokichapisha baadaye. Kabla yake, na baada yake pia, mchonga lipiko alifanya kazi mbali na macho ya wanawake na ya watoto ambao hawajaingia jandoni, kwa ajili ya ngoma moja na kijiji kimoja. Hakuwa na orodha ya bei. Alichokuwa nacho ni habari ya nani atakayeshtuka na nani atakayecheka siku lipiko litakapotoka uwanjani, na kwa hilo mikono yake ilikuwa na haraka ya kuona mwisho wa kazi.

Wachongaji waliovuka Mto Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji, wengi wakitafuta kazi katika mashamba ya mkonge, ndio waliokutana na soko kubwa la kwanza. Katika miaka ya 1950 alikuwako Dar es Salaam mfanyabiashara wa Kihindi, Mohamed Peera, aliyenunua kazi zao. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja, Samaki Likankoa, alikuwa akichonga sanamu ya mtu, mkono ukakatika. Badala ya kuitupa aliigeuza kuwa kiumbe kisicho mtu wala mnyama, akampelekea Peera, na Peera akaipokea na kumtia moyo achonge nyingine za namna hiyo. Huo ndio mwanzo wa vinyago vya shetani vinavyojulikana duniani kote. Katika miaka hiyo hiyo fundi mwingine, Roberto Yakobo Sangwani, alileta ule mtindo wa dimongo, watu waliobebana juu ya gogo moja, ambao sisi Watanzania tuliupa jina la ujamaa.

Naomba tuitazame biashara ile ilivyokwenda. Mfanyabiashara hakumwambia fundi achonge shetani. Hakuna aliyeweza kuagiza shetani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwona. Fundi alichonga kwanza, mnunuzi akaja nyuma. Baadaye, shetani alipokwisha kupendwa, aliagizwa kwa dazeni, na leo ukipita soko la vinyago la Mwenge utawaona wamepangwa mstari, sura moja, urefu mmoja, na wengine si mpingo bali mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Soko lilinunua furaha ya mtu, kisha likataka furaha hiyo hiyo iletwe kila Jumatatu.

Nipeni ruhusa nitoke kidogo kwenye mpingo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, jirani zetu wa magharibi. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao kwa rangi za mafuta zilizokuwa zikipakwa baiskeli, na picha zake zikauzwa Oyster Bay, Dar es Salaam. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Ndugu na jamaa aliowafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachoendelea hadi leo, na picha za mtindo wake zinauzwa ulimwenguni kwa mtandao. Kwa chakula cha familia nyingi hilo ni jambo la kushukuriwa sana, na mimi ninakiheshimu chama kile. Lakini mtu yeyote akizitazama picha hizo kwa wingi atawaona twiga wale wale mbele ya mlima ule ule, na hapa na pale, katikati yao, picha moja ambayo mchoraji amejisahau akachora hospitali, au harusi, au daladala iliyojaa hadi watu wananing'inia. Mbele ya picha hiyo mtu husimama. Aliyeichora aliifurahia, na furaha ile imeingia kwenye rangi.

Wapo watakaosema kwamba furaha ni jambo la moyoni lisilopimika, na kwamba ushirika hushughulika na kilo na shilingi. Si kweli kwamba halipimiki. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa habari za jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea. Waliwachagua watoto waliopenda kuchora kwa hiari yao. Kundi moja liliahidiwa hati nzuri yenye utepe kama zawadi ya kuchora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila baada ya kuchora likapewa hati ile ile kwa ghafla. Kundi la tatu halikuahidiwa wala kupewa. Wiki chache baadaye watoto waliachwa wacheze wapendavyo. Wale walioahidiwa zawadi walichora kwa kiasi cha nusu tu ya muda wa wenzao, na hata michoro waliyoifanya kwa ajili ya zawadi ilihukumiwa kuwa hafifu. Waliopewa kwa ghafla hawakupungukiwa na kitu.

Hao ni watoto, na zawadi yao haikuwa fedha ya sare za shule. Mtu mzima mwenye familia hawezi kungoja zawadi ya ghafla. Hata hivyo mimi nimelisoma jaribio lile kama mchongaji, na nimeona humo tofauti tuliyoizoea bila kuitia maanani: kuchonga kilichokwisha kununuliwa ni kazi moja, na kuuza kilichokwisha kuchongwa ni kazi nyingine. Mikono ni ile ile na mti ni ule ule.

Simu imezidisha jambo hili kwa njia ambayo Mwenge haikuweza. Sokoni mnunuzi hukishika kinyago, hukigeuza, hupitisha kidole. Katika simu huona upande mmoja, kwenye kioo kidogo kama kiganja. Basi fundi naye, bila kuambiwa na mtu, huanza kuchonga kwa ajili ya kioo. Uso wa kinyago hung'arishwa, na mgongo huachwa. Mwaka huu nimeviona vinyago vya vijana hodari kabisa, mbele kazi safi isiyo na dosari, nyuma bapa kama ubao wa mlango. Nilimwuliza mmoja wao sababu. Akanijibu, “Mzee, mgongo haupigwi picha.” Alisema kweli, wala hakuwa mvivu. Lakini Wamakonde walichonga mgongo hata wa kile kitakachosimama ukutani, kwa sababu kinyago kilikuwa mtu au jini, na mtu ana mgongo. Kijana yule miezi mitatu baadaye alikuwa dereva wa bodaboda. Siidharau bodaboda, imenibeba na vifurushi vyangu mara nyingi. Ninachosema ni kwamba kazi ilikuwa imekwisha kumtoka kabla hajaiacha, na ilitokea mgongoni.

Wahenga walisema kinyago nilichokichonga mwenyewe hakinitishi. Hiki cha biashara ya simu tumekichonga wenyewe, picha kwa picha, na kinatutisha.

Sasa niseme juu ya vyama. Wazee waliomo humu wanakumbuka, au walisimuliwa na mama zao, kwamba juu ya nyanda hizi hakuna mto wala chemchemi, na wanawake walishuka mabondeni usiku wa manane kuchota maji, wakapanda nayo kichwani. Nusu ya siku ya mwanamke ilikuwa ndoo moja. Katika miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde ukaanza, maji yakasukumwa kwa mashine kupanda juu, na ingawa mpaka leo tunanung'unika mabomba yanapokauka, hakuna anayetaka kurudi kwenye njia za bondeni. Hakuna aliyedai kila mama anunue mashine yake. Ilikuwa mashine ya wote. Leo kila fundi anashuka bondeni peke yake kumfuata mnunuzi, na simu yake kichwani.

Chama cha msingi kina ofisi, kina katibu, kina kompyuta au simu ya ofisi, na kina uzoefu. Katika msimu wa 2024/2025 korosho za TANECU na MAMCU ziliuzwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, na makatibu mmeziona bei zikitokea kwenye kompyuta mbele ya wakulima waliokusanyika. Chama kinachoweza kuuza tani za korosho kwa njia hiyo hakishindwi kuuza mikeka na vinyago. Ninachopendekeza ni kwamba mahali penye mafundi wa kutosha, chama kiwe na namba moja ya simu na ukurasa mmoja wa picha kwa ajili ya wote. Mtu mmoja ashike kazi hiyo kwa ushuru utakaokubaliwa katika mkutano mkuu, baada ya kuhakikisha kwamba masharti ya chama yanairuhusu chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Si lazima awe katibu. Aghalabu binti au kijana aliyemaliza sekondari ataifanya vizuri zaidi. Siku moja ya wiki mafundi walete kazi, zipigwe picha, na oda zisomwe. Siku nyingine simu ya fundi ibaki kuwa simu ya kupigiwa na jamaa zake.

Najua makatibu watasema msimu wa korosho ofisi haina nafasi hata ya kumeza chai. Ni kweli. Lakini kuanzia Oktoba mafundi nao wako mashambani wakiokota korosho. Meza ya picha ifungwe miezi hiyo, na wanunuzi waambiwe mapema. Mnunuzi wa kinyago cha mpingo anaweza kungoja, na ni afadhali angoje. Mti wenyewe huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kimo cha kuvunwa. Gogo lililochongwa bichi likipelekwa kwenye nyumba za Ulaya zenye joto la mashine hupasuka, na malalamiko hurudi kwa fundi. Gogo lenye kibali cha misitu, lililopakwa nta mwishoni na kukaushwa kivulini polepole, ndilo lisilotutia aibu. Haraka ya simu na mwendo wa mpingo havipatani, na chama kinaweza kusimama katikati yake, jambo ambalo fundi mmoja mwenye deni la duka hawezi.

Kuhusu oda, sitaki nieleweke vibaya. Oda ni fedha ya hakika na hatuwezi kuzikataa. Ndovu wa jozi amesomesha watoto wangu. Ninachoomba ni kwamba katika magogo manne ambayo chama kitamgawia au kumkopesha fundi, moja liwe lake mwenyewe, lisilo na oda, lisilo na picha ya kufuatisha, na chama kikubali kulipokea litakavyokuwa. Kikilipokea kilipe malipo ya kwanza, na likiuzwa kimlipe la pili, kama ilivyokuwa zamani katika korosho. Zitakuwako kazi zitakazokaa kabatini mwaka mzima. Katika hesabu hiyo ni hasara, na lazima iandikwe wazi katika vitabu ili wanachama waijue na waikubali. Lakini shetani wa Likankoa alitokana na gogo la namna hiyo, na kila ndovu aliyeuzwa tangu wakati ule ameuzwa na watu waliovutwa sokoni na shetani yule.

Yupo mama mmoja katika kijiji cha jirani, msukaji wa mikeka, ambaye amelitambua jambo hili bila kusoma jaribio la mtu. Akiagizwa mikeka kumi na miwili ya rangi moja husuka kumi na mmoja kama ilivyoagizwa, na wa kumi na mbili huuwekea nakshi ya kichwa chake, kisha humwandikia mnunuzi kwamba huo ni tofauti na kwamba akiukataa atamsukia mwingine. Ananiambia mpaka sasa hakuna aliyeukataa. Ananiambia pia kwamba anapofika mkeka wa saba, mkono ukiwa umechoka, huanza kuwaza nakshi ya ule wa kumi na mbili, na saba, nane na tisa hupita bila yeye kujua.

Jambo la mwisho ni kangomba. Mnawajua kangomba wa korosho. Wapo na wa vinyago. Huja wakipiga picha za kazi ya fundi, wakaziweka kwenye kurasa zao kwa bei mara tatu, na oda ikipatikana humrudia fundi na bei ya shambani. Jina la fundi halimo popote. Kwa hiyo kila kazi itakayopita chamani ichongwe au iandikwe chini jina la aliyeitengeneza na kijiji chake, na maneno hayo yawepo pamoja na picha. Mnunuzi aliyelijua jina la fundi hurudi kuuliza, “Siku hizi anatengeneza nini?” Swali hilo halimlazimishi mtu kurudia alichokifanya jana, na mimi ningependa kila fundi wa Newala na Masasi aulizwe hivyo walau mara moja kwa mwaka.

Waliokuja na kazi zao leo, meza ya picha imewekwa uani, na binti mwenye kamera yupo hapo mpaka saa kumi. Tumekubaliana naye kwamba kila kinyago kitapigwa picha mbili, ya mbele na ya mgongo, kwa hiyo mwenye mgongo bapa anayo nafasi ya kurudi nacho nyumbani akamalizie.